Uzi Juu ya Mafunjo

Mwanawetu alikuwa amezama hadi magotini kwenye tope la kinamasi aliposikia sauti ile tena, na safari hii ilikuwa karibu kiasi kwamba aliacha kupumua. Ilianza kwa filimbi nene, ya mviringo, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Kabla filimbi haijakwisha, ikadakwa na mkwaruzo mkavu kutoka bua jingine. Mtu asiyejua angeapa kwamba ni ndege mmoja. Mwanawetu alijua ni wawili, dume na jike, na kwamba wakiitikiana kwa karibu hivyo, kiota hakiko mbali.

Alitenganisha mabua ya mafunjo kwa viganja, taratibu, kama mtu anayefungua pazia la chumba chenye mtoto aliyelala. Helmeti ya kazi ikamteleza hadi puani. Akaivua, akaibana kwapani, akainua macho, na hapo akamwona dume: mgongo mweusi tii, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, na utosi wa manjano kana kwamba amevaa kofia ya sherehe. Tiva wa mafunjo. Ndege huyu hana kwao kwingine duniani ila kwenye mafunjo ya maziwa na mabonde ya huku kwetu. Mafunjo yakikatwa, hana pa kwenda.

Kiota kilikuwa juu kidogo ya kichwa chake, kikombe cha nyuzinyuzi kilichofungwa pale mabua matatu yanapokutana. Jike aliruka akatua hatua chache pembeni, akitoa mkwaruzo wake. Mwanawetu alinyoosha mkono wenye simu, akapiga picha moja ya haraka, akarudi nyuma bila kugeuka mpaka alipomwona jike akirejea na kukalia tena. Ndipo akaitazama picha. Mayai mawili, kijani hafifu, yenye madoa ya kahawia.

Alitaka kupiga kelele. Chuoni Kyambogo, juu kabisa ya mlima huohuo uliokuwa nyuma yake, alikuwa amesoma kurasa kwa kurasa kuhusu ndege huyu, na kila kitabu kikifika kwenye kiota kilikuwa kinapita harakaharaka, kwa sababu ni watu wachache mno waliowahi kukiona. Na yeye alikuwa amekiona, hapa hapa Kampala, kutoka hapo akiwa anasikia magari ya Nakawa yakipigiana honi.

Lakini kutoka upande wa nchi kavu alisikia pia kitu kingine. Wafyekaji walikuwa wananoa mapanga.

Mwanawetu alikuwa afisa wa mazingira wa kampuni iliyokuwa ikijenga njia kubwa ya umeme kushuka mlima wa Kyambogo, kuvuka bonde la mafunjo na kupanda hadi eneo la viwanda la Nakawa. Aliajiriwa kazi ikiwa imefika nusu. Kwao walikuwa Waislamu wa siku nyingi mjini, uzao wa wafanyabiashara waliotoka pwani zama za misafara wakaoa na kubaki. Baba yake alifundisha Kurani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani. Hapa kazini lugha hiyo ilimfaa kuliko shahada yake, maana Waacholi, Wakongomani na Wakenya wa kikosi cha nyaya hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana wala ya kutaniana.

Hakuwa mpinzani wa umeme. Kaka yake Zaid alikuwa na kibanda cha juisi Nakivubo, na umeme ukikatika adhuhuri alimwaga pasheni nzima mferejini huku akisonya. Mwanawetu alitaka nyaya zipite. Ila alikuwa ameona jinsi zilivyopita kwenye bonde la kwanza, upande wa pili wa mlima, kabla hajaja. Walikuwa wamefyeka ukanda mpana kama barabara ili watu waweze kuburuta kamba kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Kamba iliburutwa siku moja tu, ila ukanda haukufunga tena. Jua lilikausha tope, watu wakapanda magimbi, ng'ombe wakafuata. Kunguru nao, wakiwa sasa na mahali pa kuketi na kuchungulia, walikuwa wakiingia kwenye mafunjo ya kandokando na kutoka na mayai mdomoni. Mwanawetu alikuwa amekaa huko asubuhi nyingi akitega sikio. Ndege aina ya kwera walikuwepo, wengi na wenye kelele. Tiva hakumsikia, hata ndani ya mafunjo ambayo panga halikuyagusa.

Sasa ilikuwa zamu ya bonde hili.

Injinia Olanya, mkuu wa kazi, alikuwa kwenye kontena lililofanywa ofisi, amezungukwa na ramani. Alikuwa Mwacholi mrefu, mwana wa askari, na Kiswahili chake alikiokota utotoni kambini.

"Madam, wewe nakuja na matope yote hapa ndani," alisema bila kuinua uso.

"Samahani, injinia. Tazama hii kwanza."

Alichukua simu, akaitazama kwa muda mrefu kuliko Mwanawetu alivyotegemea. "Mayai ya nani?"

"Tiva wa mafunjo. Yuko katikati kabisa ya njia ya kamba. Na hayuko peke yake, kuna jozi nyingine mbili ng'ambo ya mfereji."

"Yanapasuka lini?"

"Wiki mbili hivi. Halafu makinda wanakaa kiotani wiki mbili nyingine, labda na zaidi."

"Mwezi." Olanya alirudisha simu. "Mimi hapana chukia ndege, madam. Lakini winchi, mashine ya kuvuta waya, nafika Alhamisi. Kule ng'ambo kuna kliniki daktari nashona mtu na tochi kwa mdomo. Mimi naambia yeye nini? Ngoja mayai?"

"Sisemi tusipitishe waya. Nasema tusifyeke."

"Sasa kamba itapita wapi? Itaruka?"

Mwanawetu aliinamia ramani, akafuata mstari wa njia kwa kidole. Olanya alimwacha atafute. Hakumcheka. Alisema tu, kwa sauti ya chini kidogo, "Ukipata njia ingine mbele ya Alhamisi, kuja ambia mimi. Kama hapana, wafyekaji naingia."

Jioni hiyo Mwanawetu alipitia Nakivubo kwa kaka yake. Alikaa juu ya kreti, sahani ya chapati na maharage mapajani, akimsimulia kiota huku Zaid akiitikia kwa kichwa na macho yake yakiwa kwenye simu. Alikuwa anaangalia video ya arusi ya binamu yao Junaid.

"Hunisikilizi, Zaid."

"Nakusikiliza. Ndege mwekundu, mayai mawili. Njoo uone hapa, hii sehemu hukuiona, ulikuwa jikoni na kina mama."

Mwanawetu aliinama. Kwenye kioo cha simu, Junaid alikuwa amesimama na kanzu yake nyeupe, ameangalia juu. Kutoka juu ya mahema ikateremka droni, mabawa yake yakizunguka, na chini yake ilining'inia utepe mrefu wenye pete. Wageni walikuwa wamefungua midomo. Pete ikatua kwenye kiganja cha bwana harusi kana kwamba imewekwa na mkono wa mtu.

Mwanawetu aliacha kutafuna.

"Rudisha nyuma."

Zaid akarudisha. Utepe ulikuwa mrefu, na upepo ulikuwa unaupepea, na droni haikuyumba.

*Itaruka?* injinia alikuwa ameuliza.

"Nani alirusha hii?"

"Annick, Mkongomani yule mwenye studio juu ya wauza viatu. Wewe unakwenda wapi? Hujamaliza kula."

Alikuwa ameshavuka mtaa. Alipita kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, akapanda ngazi mbili mbili, akasukuma mlango wenye picha za maharusi. Ndani alikuta msichana mfupi, nywele zimefungwa kitenge, akiwa ameishika droni mapajani kama kuku anayenyonyolewa, akibadilisha mabawa yake kwa bisibisi.

"Shikamoo, au tuseme jioni njema," Mwanawetu alisema akihema. "Hiyo inaweza kubeba uzi?"

Annick alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti zenye tope. "Uzi? Dada, ile kintu inabebaka keki."

"Uzi mrefu. Wa kuvuka bonde zima la mafunjo, kutoka mnara wa umeme hadi mnara mwingine."

Bisibisi ilisimama hewani. Annick akacheka, akacheka tena, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki. "Sababu ya nini?"

Mwanawetu aliona maneno yatamchelewesha. Alitoa simu, akaweka rekodi aliyoichukua asubuhi. Filimbi ikajaa chumbani, na mkwaruzo ukaidaka, na tena, na tena. Annick aliinamisha kichwa.

"Wanagombana?"

"Wanaimba. Mume na mke. Wana mayai mawili, na Alhamisi watafyekewa nyumba."

Annick aliiweka droni mezani kwa uangalifu. "Basi iko kazi ya arusi," alisema. "Tunaanza lini?"

Walianza siku iliyofuata, kwenye uwanja wa nyasi jirani na chuo. Kwanza, hata hivyo, ilibidi Mwanawetu amkabili Augustin, msimamizi wa watu wa kamba, mzee wa Kikongomani mwenye mikono iliyokwaruzwa na miaka mingi ya kuvuta nyaya kwenye milima ya Kivu. Kama Augustin angecheka, kikosi kizima kingecheka naye. Mwanawetu alimweleza mpango wote kwa pumzi moja, akimwita papa Augustin, kama Wakongomani waitavyo baba, kila sentensi ya pili ili kujipa moyo.

Augustin alisikiliza mpaka mwisho. "Uzi unavuta kamba nyembamba," alisema polepole. "Nyembamba inavuta nene. Nene inavuta ya chuma, ya chuma inavuta waya. Haiko ajabu, mwanangu. Kule milimani tulitumiaka upinde na mushale. Mushale ulikuwa unapotea sana."

Mwanawetu alimshika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwa amelipanga.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Wanafunzi walikuwa wamejaa kando ya uwanja, simu juu. Droni ilipaa na mshipi wa kuvulia samaki, ikaenda vizuri, kisha mshipi ukajikunja kwenye bobini, ukakaza, na droni ikarudishwa kwa nguvu kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Ikatumbukia kwenye mfenesi. Wanafunzi walipiga makofi kwa kejeli. Annick alipanda mfenesi mwenyewe, kitenge cha kichwani kikamvuka, akashuka na droni kifuani na bawa moja limevunjika. Akatoa jingine mfukoni.

Augustin aliichunguza ile bobini. Aliondoka, akarudi na gurudumu la baiskeli lisilo na tairi, akalizungushia mshipi wote pale tairi hukaa, akalishika gurudumu kwa ekseli. Alipolisukuma kwa kidole, lilizunguka bila sauti.

"Rusha," alimwambia Annick.

Safari hii uzi ulitoka kama maji. Droni ilipita juu ya uwanja, juu ya paa la mabweni, ikawa nukta, na gurudumu likaendelea kuzunguka mikononi mwa mzee. Makofi ya wanafunzi safari hii hayakuwa ya kejeli.

Injinia Olanya alikuja kuangalia jaribio la tatu. Alisimama mikono mgongoni, akauliza kuhusu upepo, kuhusu uzito, kuhusu kibali cha kurushia. Annick alikuwa na leseni yake ya kazi, na kibali cha eneo lile kilifika siku moja kabla ya winchi. Olanya alikisoma mara mbili.

"Mara moja," alisema. "Ikianguka kwa matope, mimi hapana taka maneno ingine. Wafyekaji naingia mchana ileile."

Alhamisi kulikucha mawingu mepesi na upepo mdogo kutoka upande wa ziwa. Winchi ilikuwa imefika. Wafyekaji walikuwa wameketi kwenye ukingo, mapanga yamelala nyasini, wakisubiri kuona kama leo wana kazi. Augustin na vijana wake wawili walikuwa wamepanda mnara wa Nakawa, ng'ambo, wadogo kama njiti dhidi ya anga. Annick alisimama chini ya mnara wa Kyambogo, rimoti kifuani, na jirani yake gurudumu la baiskeli limefungwa kwenye gogo.

Mwanawetu alikuwa ndani ya mafunjo kwenye mwisho wa ubao aliouweka mwenyewe, redio mkononi na darubini machoni. Kazi yake ilikuwa moja: kumwangalia jike. Akitoka kwenye mayai kwa hofu na asirudi, kila kitu kingesimama. Huo ulikuwa mkataba wake na Annick, na hakumwambia injinia.

Redio ilikwaruza. "Ninaenda," Annick alisema.

Mvumo ukaja, mdogo kwanza kama nyuki, kisha ukapita juu. Mwanawetu hakuinua kichwa. Kwenye darubini jike alijilaza kiotani, bapa, jicho moja likifuata kivuli. Dume alinyamaza. Mvumo ukapungua. Jike hakuondoka.

"Ametulia," Mwanawetu alinong'ona kwenye redio. "Endelea, endelea."

Ndipo alipoinua macho, akaona mwewe.

Alikuwa anatoka upande wa viwanda, mabawa yamekunjwa nusu, moja kwa moja kuelekea ile droni iliyokuwa inathubutu kuruka kwenye anga yake. Mji huu una mwewe wa kutosha, na kila mmoja hujiona mwenye shamba.

"Annick, mwewe. Kushoto kwako, juu. Anakuja."

"Namuona. Nirudi?"

"Ukirudi uzi utaanguka wote. Panda. Mwewe hawezi kupanda wima kama wewe. Panda."

Droni ikapaa kama iliyotupwa. Mwewe akapita chini yake, akakosa kwa upana wa bawa, akageuka, akajaribu kupanda, akaishiwa nguvu ya upepo. Akazunguka mara nyingine. Wafyekaji walikuwa wamesimama wote sasa, mmoja akimshangilia mwewe na wengine wakimkemea. Mwewe akakata tamaa, akateleza kwenda zake kuelekea sokoni, ambako chakula hakirukiruki.

Mwanawetu alicheka kwa sauti, peke yake kwenye mafunjo. Kicheko kilikatika njiani. Droni ilipokuwa inashuka tena kwenye kimo chake, uzi ulilegea katikati, ukatua juu ya vichwa vya mafunjo. Aliuona ukimeta, umelala kwenye mashungi, karibu na kiota kuliko alivyotaka kuamini.

"Imeshika," Annick alisema. "Haiendi mbele. Nivute?"

"Usivute. Simama hapo hapo. Ukivuta utapasua kiota."

"Dada, betri yangu inakwisha."

"Nipe kidogo."

Alirusha darubini mgongoni, akaokota kijiti cha panda, akateremka kwenye ubao. Tope lilimpokea hadi kiunoni, baridi. Alisonga kwa kushika mabua, si kwa miguu. Alinyanyua uzi kutoka shungi la kwanza kwa panda, ukaachia. Shungi la pili, ukaachia. La tatu lilikuwa limeunasa kwa vinywele vyake vyote, na lilikuwa bua la jirani kabisa na kiota. Kila uzi ulipotetemeka, bua lilitikisika, na kiota kilitikisika nalo.

Jike alikuwa anamtazama. Walikuwa karibu hivi kwamba Mwanawetu aliona kifua chake chekundu kikipanda na kushuka kwa kasi. Wote wawili walikuwa wanahema sawasawa.

"Sitakugusa," alimwambia. "Kaa. Kaa hapohapo, mama."

Alishika bua kwa mkono wa kushoto, akaliinamisha kidogo kidogo, huku mkono wa kulia ukizishusha nyuzi za shungi moja moja. Kidole kilikatwa na mshipi, akaona damu, hakusikia maumivu. Redioni Annick alikuwa anasema kitu kwa Kiswahili cha Bukavu, haraka, labda dua. Uzi ukateleza. Ukabaki umeshikwa na unywele mmoja wa kijani. Ukakatika.

"Nenda," Mwanawetu alisema. "Nenda sasa."

Uzi ulipaa ukipita kando ya sikio lake na sauti nyembamba ya mluzi, ukajinyoosha juu ya mafunjo, juu ya kiota, juu ya kila kitu. Alibaki amesimama kwenye tope, amelishika bua lisirudi kwa kishindo, akiliachia pole pole. Hakuthubutu kugeuka. Aliisikiliza redio tu.

Kisha ikaja sauti ya Augustin kutoka juu ya mnara, tulivu kama ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Nimeshika."

Bonde lote lililipuka. Wafyekaji walipiga miluzi, dereva wa winchi akabonyeza honi asiiache. Annick alikuwa anakimbia mduara na rimoti kichwani. Mwanawetu alijaribu kupiga makofi, akakumbuka alipo, akaifunika redio kifuani ili kelele zisimfikie jike, na akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

Mchana kutwa kamba zilifuatana hewani kama Augustin alivyosema, nyembamba ikivuta nene, nene ikivuta ya chuma, na hakuna iliyogusa mafunjo. Saa za alasiri Mwanawetu alikuwa ameketi kwenye ukingo, tope limemkaukia mwilini, wakati injinia Olanya alipokuja na kuchuchumaa karibu yake, jambo ambalo hakuwa amewahi kumwona akilifanya. Wakakaa. Kutoka ndani ya bonde dume alipiga filimbi, na jike akaidaka.

"Huyo ndiyo moja?" Olanya aliuliza.

"Wawili."

Akasubiri waimbe tena. "Wawili," alikubali. Kisha akasimama, akaenda kuwaambia wafyekaji warudi nyumbani, siku yao ya kazi ihesabiwe nzima.

Si kila kitu kilikwenda kama Mwanawetu alivyoomba. Jozi moja ya ng'ambo ya mfereji ilihama wiki ileile. Udongo uliomwagwa kwenye msingi wa mnara wa Nakawa ulikuwa umekula ukingo wao, na jenereta ya pale ilinguruma mchana na jioni. Alikwenda akatega sikio asubuhi tatu, hakuwasikia. Alimwambia Augustin, na mzee akaihamishia jenereta nyuma ya makontena, upande wa barabara, bila kumuuliza mtu. Kwenye kiota, mayai yote mawili yalianguliwa, lakini kinda mmoja alitoweka kabla manyoya hayajamtoka. Hakujua alichukuliwa na nani. Siku hiyo hakula.

Aliyebaki alikua. Vijana wa kikosi, waliokuwa wakimtania kwa kumwita Madamu wa Ndege, walianza kumpigia simu kabla hajafika kazini: leo mama ameleta panzi mkubwa, leo kichwa kimetokeza, leo anasimama kwenye ukingo wa kiota kama abiria asiyejua kama ashuke.

Asubuhi aliyoshuka, Annick alikuwepo. Alikuwa amekuja na kamera yake kubwa ya arusi, wakalala kifudifudi kwenye ubao, bega kwa bega. Kinda alikuwa wa rangi ya vumbi, bila wekundu wala kofia ya manjano, mkia mfupi wa kuchekesha. Alikunjua mabawa, akayakunja. Akayakunjua. Akaruka, au tuseme akaanguka mbele, akapiga bua kwa kifua, akalikumbatia, likainama naye karibu kufika majini, kisha likasimama. Naye alikuwa bado amelishika.

Dume alipiga filimbi papo hapo, na jike akajibu, kwa nguvu ambayo Mwanawetu hakuwahi kuisikia.

"Umepata?" alimuuliza Annick kwa kunong'ona.

"Sikubonyeza," Annick alisema, macho yamemtoka. "Nilisahau. Nilikuwa nakamata pumzi."

Walicheka wakibanana midomo kwa viganja. Simu ya Mwanawetu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa injinia Olanya, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea upesi.

"Madam, uko wapi? Mkubwa wa kampuni yuko hapa. Mabonde mbili zile nabaki kwa ile njia ingine ya waya, ya kwenda ziwa, nasema hakuna kufyeka, nataka uzi vilevile. Nataka wewe naenda mbele kuangalia viota kwanza. Sasa hivi, gari nangoja. Na yule msichana wa ndege ya chuma, unajua namba yake?"

"Amelala hapa kando yangu."

"Nalala kazini?"

"Hapana, injinia. Tunakuja."

Annick alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kwenye ubao, kamera shingoni, kitenge kinamvuka tena. "Mabonde mawili?" alisema. "Nitahitaji betri ingine, dada. Na gurudumu kubwa. Ya pikipiki."

Mwanawetu alivaa helmeti, akaweka gambuti zake sawa, wakakimbia kupanda ukingo kuelekea gari, wakiulizana kwa sauti bonde lipi waanze nalo.